Mabati ya Shule ya Barabarani

Jumatatu, 2 Septemba 1996
Chaki zimebaki vipande. Darasa la kwanza kwenye magogo, la pili chini. Wadudu wa paa la nyasi wanaangukia daftari. Saa nne wazazi wakaja kazi ya kujitolea. Kozi mbili za matofali zikapanda. Boma la madarasa mawili limefika lenta, juu ya milango na madirisha. Matofali ya kuchoma, tanuri tuliliwasha wenyewe. Afisa wa elimu alisema tufike lenta, serikali italeta mabati. Tumefika. Sasa alete.

Jumatano, 4 Septemba
Sokoni Kumsenga nimesikia Skola naye kafika lenta. Yeye ndiye mwalimu mkuu wa shule ya chini, ile ya barabarani. Sisi ni wa mlimani, mwendo wa saa nzima kwa mguu. Tulisoma chuo pamoja kule Kasulu. Mimi ndiye niliyemfundisha sehemu na desimali, akilia juu ya daftari. Leo wazazi wa huku kwangu wanamsifia yeye kwa sababu anaongea nao Kiha. Mimi mtu wa Singida, miaka sita hapa, nikisalimia "mwakeye" watoto wanaziba midomo wasicheke.
Boma lake limepinda kona moja. Nililiona kwa macho yangu.

Jumanne, 10 Septemba
Afisa kaja. Yaani kaja barabarani. Gari liliegeshwa kwa Skola, akakagua, akala kuku, akageuza. Kwetu gari halipandi. Nilishuka mbio na viatu mkononi, nikamkuta ananawa.
Mabati ya mwaka huu ni ya shule moja tu. Itapata yenye watoto wengi kwenye rejista, mradi ifikie idadi iliyowekwa. Ya Skola.
Alinipa mkono. "Mwalimu, na ninyi mtafikiriwa." Mkono wake ulikuwa na mafuta ya kuku.

Ijumaa, 13 Septemba
Nina wivu. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunishangaa.
Kila kitu kinakwenda kule. Kwanza ilichongwa barabara, kwa ajili ya malori ya kambi ya wakimbizi. Ilipopitika ikaja mashine ya kusaga. Kisha zahanati. Kisha mwalimu aliyepangiwa kwetu alishuka kwenye lori, akautazama mlima, akaomba abaki chini. Akakubaliwa! Wao wachuuzi wanawafuatia maharage shambani. Watu wetu wanayashusha kichwani na kuuza kwa bei ya huruma. Mzee Ruhaga, mwenyekiti wetu wa kijiji, ameniuliza kama kodi ya maendeleo ya watu wa mlimani inaandikwa kwenye kitabu kingine. Serikali ikishaweka mguu mahali inaona uvivu kuuondoa.
Skola hajafanya lolote. Amepangiwa karibu na barabara, basi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Alhamisi, 19 Septemba
Nimekwenda kumpa hongera. Ilibidi. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.
Keshabomoa darasa lake la zamani. Nguzo zake zitakuwa kenchi za paa la jipya. Watoto wanasomea chini ya turubai, wiki mbili tu, anasema. Anacheka ovyo. Akaingia ndani, akatoka na boksi zima la chaki.
"Chukua dada, najua kwako zimekwisha."
Nilichukua. Heri angenitukana.
Rejista yake ilikuwa wazi mezani. Nilisoma majina. Familia zile zilizotoka Burundi naziona, za zamani na za juzi. Kila mtu anajua. Hata kwangu wapo. Kiha na Kirundi vinasikilizana, watoto wanachanganyika kama unga. Skola huandika anayekuja, haulizi kwao ni wapi.

Jumatatu, 23 Septemba
Nimeandika barua kwa ofisi ya wilaya, kwa mkono wa kushoto. Haina jina. Kwamba shule ya barabarani imejaza rejista kwa watoto wasio raia ili ipate mabati.
Nimekwenda Kibondo kufuata vifaa, nikaitia posta. Hakuna uongo hata mmoja ndani yake. Nimejiambia hivyo njia nzima.

Jumamosi, 28 Septemba
Hakuna kitu. Labda imepotea. Natamani iwe imepotea, na natamani iwe imefika.

Jumatano, 9 Oktoba
Wamekuja maafisa watatu wa wilaya. Siku mbili kule. Leo huku, kwa mguu, wakihema. Sikutegemea huku. Barua iliitaja shule moja, wao wameamua kukagua zote.
Wazazi waliitwa mmoja mmoja waonyeshe karatasi. Karatasi gani? Wengine babu zao wamezikwa hapa. Mama mmoja alionyesha kadi ya ubatizo, ikakataliwa. Kalamu nyekundu. Kwa Skola walikata majina thelathini na moja. Kwangu kumi na nne, na Ferdinandi wangu, wa kwanza darasani, yumo.
Sasa hakuna shule yenye idadi inayotakiwa. Mabati yanabaki bohari.
Mzee Ruhaga ametema mate chini. "Uwo muntu yaanditse, Mungu amuone." Kisha akanirudishia kwa Kiswahili, kwamba huyo aliyeandika Mungu amuone, akidhani sikuelewa. Nilielewa.

Jumapili, 27 Oktoba
Mvua ya kwanza. Tumefunika boma letu kwa nyasi, Mzee Ruhaga mwenyewe juu ya ngazi. Familia mbili za chini zimehamia kambini kabla hazijachukuliwa. Waliacha mahindi machanga shambani.

Jumatatu, 18 Novemba
Boma la Skola limeanguka. Ile kona iliyopinda ndiyo iliyoanza, ukuta mzima ukafuata. Ilitokea alfajiri, hakuna aliyeumia.
Nilifurahi. Kidogo, lakini nilifurahi. Kisha nikakumbuka kwamba darasa la zamani hana.

Jumanne, 3 Desemba
Alipanda mlima kwa mguu, matope mpaka magotini. Amekonda. Anaomba watoto wake wa la kwanza na la pili wasome kwangu kuanzia Januari, naye aje nao kufundisha. Barabara wanayo, zahanati wanayo, pa kukaa na kusoma hawana.
Nikamwambia karibu. Ningesema nini?
Anamshuku katibu wa kijiji chake kwa ile barua, wana ugomvi wa shamba. Hamsalimii tena. Nilikoroga uji. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni, nikaimeza na uji.

Alhamisi, 9 Januari 1997
Magogo sita zaidi. Mzee Ruhaga kayaleta bila kuombwa. Nimempa Skola upande usiovuja. Amekataa, nimelazimisha. Anadhani nina roho nzuri.

Jumatatu, 13 Januari
Shule imefunguliwa. Watoto wa barabarani walifika saa mbili wamelowa, Skola mbele yao kabeba ubao mdogo. Idadi yangu sasa ndiyo kubwa kuliko zote hapa. Inanipa aibu kuitazama.
Nimeandikisha mwenyewe. Foleni ilikuwa ndefu, Skola akipanguza pua za wadogo. Alikuja msichana mdogo, sare imekatwa kutoka gauni la mtu mzima. Nikamuuliza jina.
Akasimama wima, mikono ubavuni. Akasema bila kupumua: "Naitwa Yustina mimi ni Mtanzania baba yangu ni Mtanzania mama yangu ni Mtanzania tumezaliwa hapa."
Nilikuwa nimemuuliza jina tu. Nimeandika Yustina. Nikamwonyesha gogo la kukalia.