Dawa ya Kutuliza Niliyoikataa

Kamau mjukuu wangu,

Huku Munyaka tu wazima, na cucu wako, mke wangu, anakusalimia sana. Mzee mwenye bahati kunishinda hayuko Eldoret hii: mimi nilizaliwa bila woga. Sasa unaniuliza, Ijumaa wakikupasua mguu, kukubali dawa ya kutuliza ni aibu kwa mwanaume?

Nikiwa kijana mpakiaji wa mahindi Moi's Bridge, gunia liliniangukia likanivunja mguu. Hospitalini wakanidunga sindano ya mgongo, miguu ikafa ganzi lakini mimi niko macho. Sista akauliza, "Nikuongezee kadawa ka kutuliza roho?"

"Sista, mimi nilitahiriwa bila kupepesa jicho. Wapatie waoga!"

Halafu nikasikia drili ikitoboa mfupa. Maumivu hakuna, lakini nilitetemeka mabega mpaka daktari akasimamisha kazi. "Wewe jamaa, unanitikisia meza. Hii skrubu nitaiweka wapi?"

Nikasema, "Sista, leta." Nikasinzia, wakamaliza, na mguu ndio huu natembelea.

Wakikuuliza unavyojisikia, waambie ukweli. Mimi niliogopa siku hiyo, na siku ya kutahiriwa pia niliogopa. Hiyo ya kuzaliwa bila woga ni uongo.

Guka wako