Mafuta ya Kondoo Kwenye Droo za Solomoni

Kisongo, Arusha
20 Julai 2025

Kwa shemeji yangu mpendwa Philemoni,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Hope na watoto, na kwamba shamba limewapa chochote mwaka huu. Sisi huku tunaendelea. Baridi ni kali, mlima Meru hatujauona vizuri kwa siku nyingi, na Elizabeth alikohoa sana lakini sasa amerudi shule. Mama yenu bado yupo hapa kwangu. Anakula, analala, anagombana na kuku wangu, kwa hiyo ujue ana afya.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu huwa nalia kabla sijafika ninakotaka, nawe unanihurumia na kusema basi shemeji, tutaongea siku nyingine. Jirani yetu Sylvanus anakuja huko Babati kununua mbaazi, nimempa yeye barua hii.

Ninayotaka kukueleza ni habari ya tulboksi ya marehemu Solomoni, ile nyekundu yenye droo za spana zake. Siku ya kumaliza matanga wazee walisema ni yako, kwa kuwa vyuma vya mwanamume huenda kwa mdogo wake. Nawe hivi karibuni ulisema utaifuata Jumamosi hii inayokuja.

Tangu tulipomzika mwezi Machi ilikaa sebuleni, nimeifunika kanga. Nilipojaribu kuifungua mwezi Mei, droo zilikuwa zimekaza. Vumbi la Kisongo unalijua. Mama aliniona navuta, akaniambia nisihangaike, akaleta chupa yake ya mafuta ya kondoo, yale ambayo kwake ni dawa ya kifua, ya mgongo na ya mzazi. Akazipaka reli zote kwa kidole, taratibu, huku akimtaja mwanawe kwa jina kama anayemkanda. Sikuweza kumzuia. Mwanzoni droo ziliteleza vizuri sana. Kisha ikaingia baridi ya Juni, mafuta yakaganda, sisimizi wakajaa, na asubuhi moja hakuna droo iliyokubali kutoka.

Ikabidi nimwite Jabiri, yule aliyekuwa akifanya kazi na Solomoni gereji ya Engutoto. Alivuta, akanusa, akakaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akauliza ni nani aliyezipikia droo za marehemu mchuzi. Mama akamjibu kutoka jikoni kwamba anayecheka mafuta yake basi na chai yake asiinywe. Jabiri akaomba radhi haraka, maana chai ilikuwa ya maziwa. Shemeji, nilikuwa nimesahau kwamba watu huweza kucheka ndani ya nyumba hii.

Alinionyesha jinsi ya kupasha reli moto kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto mpaka mafuta yalegee, na kiulimi kidogo kilicho pembeni, ambacho ukikibonyeza pande zote mbili droo inatoka nzima. Kazi yenyewe aliniachia. Nilitoa vifaa vyote nikavitandaza juu ya gunia. Nikazifuta reli kwa mafuta ya taa, na gololi zake nikazisugua kwa mswaki wa zamani, maana uchafu hujificha hapo. Zilipokauka nikatia mafuta mepesi ya cherehani, kidogo tu, nikavuta na kurudisha kila droo mara kadhaa, kisha nikafuta yaliyozidi ili yasishike vumbi jipya.

Kwenye droo ya chini nilikuta vifungo vya sweta ya Elizabeth, ambavyo baba yake alisema atavishona mwenyewe. Nimevishona.

Wakati wa kurudisha spana, Jabiri alikuwa bado anakunywa chai, akaniuliza nazijuaje sehemu zake bila kusoma namba. Nami sikuwa nimetambua kwamba nazijua. Unakumbuka Solomoni alivyokuwa akilala chini ya gari hapa uani, ananyoosha mkono bila kusema, nami naweka spana. Nikimpa isiyoingia hakunigombeza. Alisema nati ndiyo imekosea.

Sasa nikueleze lililonifanya nichukue kalamu. Mama anajua kila asubuhi nakwenda sokoni kuuza mboga. Siendi sokoni. Tangu siku ile nakwenda gereji kwa Jabiri. Spana chache nazibeba kwenye kikapu chini ya kanga, na nikifika navaa ovaroli ya Solomoni, nimeikunja mikono na miguu. Nilianza kwa kuosha vyuma, sasa nafungua breki na kuzifunga mwenyewe, Jabiri anakuja kukagua. Juzi mzee mmoja mwenye pikapu alifika, akaona miguu inachungulia chini ya gari, akauliza fundi yuko wapi. Jabiri akamwambia, ndiye huyo chini ya gari. Mzee akainama, akaniona, akasema haya mama, fundi, endelea. Akaniachia gari lake.

Shemeji, sitaki kukunyima kitu ulichopewa. Kama utakuja na gari Jumamosi, nitakushikia upande mmoja tuipakie pamoja, na hutasikia neno baya kutoka kwangu. Lakini nakuomba uniachie, kwa sababu spana za kikapuni hazitoshi, na kazi hii naiweza. Na ukikubali, uwaambie wazee wewe mwenyewe, na Mama pia. Nikisema mimi, nitakuwa mjane aliyekatalia mali ya ukoo. Ukisema wewe, litakuwa neno la mwenye mali, nami nitatoka asubuhi nimevaa ovaroli yangu mlangoni, mchana kweupe, bila kikapu.

Jibu lolote nitalipokea. Msalimie sana Hope, mwambie sweta aliyomfumia Elizabeth inamtosha vizuri. Mama anakusalimu, ingawa hajui nimeandika nini.

Unikumbuke katika sala zako, na Jumamosi pia unikumbuke.

Ni mimi shemeji yako,
Naeku, mama Elizabeth