Niliipaka Theluji Picha ya Mke Wangu

Mpendwa Shangazi Kindness, shikamoo. Naomba msaada wako kabla mke wangu hajaacha kabisa kitu anachokipenda, na chanzo ni mimi.

Mimi ni mkulima wa kahawa na ndizi huku Mwika, na mke wangu Salvina anachora kwa rangi za maji, alijifunza mwenyewe kwenye simu, sasa yuko kwenye kundi la mtandaoni linaloongozwa na dada mmoja wa Moshi mjini, Anusuya, ambapo kila mtu anaweka picha yake na kuandika chini yake ameifanyaje, na Shangazi, huyu mke wangu ana mkono, akichora mgomba baada ya mvua unatamani kuukwepa usilowane, mpaka watu wa Mombasa na Songea wanamsubiri kila Jumapili baada ya misa, nami natembea kifua mbele kama vile nimechora mimi. Sasa juzi nilikuwa napaka rangi nyumba, maana ndugu wote wanapanda mlimani kwa Krismasi, nikakuta mezani picha ya Kibo aliyoiandaa kwa maonyesho ya kundi, nzuri ya kumtoa mtu machozi, ila kileleni hakuna kitu, karatasi tupu, nikasema masikini, rangi nyeupe imemwishia na anaona aibu kuniomba, basi nikachukua brashi ndogo nikampakia theluji kwa rangi yangu ya ukuta, tena kwa uangalifu, nikaisimamisha dirishani nikamngoja huku natabasamu.

Alipoingia hakunigombeza, bora angenigombeza, alisema tu, "Asante, Baba Monica," akaosha brashi zake, akazifunga kwenye kitambaa, akaziweka juu ya kabati, na tangu hapo hajachora, Anusuya akipiga simu hapokei, nikimuuliza anasema ana kazi za ng'ombe. Nimemnunulia kopo zima la rangi nyeupe na hata hajalifungua. Nifanyeje?

Thadeus, Mwika

Marahaba, Thadeus. Nimecheka, kisha nikamhurumia Salvina, kisha nikakuhurumia na wewe.

Kwanza lirudishe hilo kopo dukani. Kwa wachoraji wa rangi za maji, weupe ndiyo karatasi yenyewe. Wanaizungukia kwa rangi, wanaiacha, na mkono ukiteleza hakuna kurudi nyuma. Ile theluji uliyodhani haipo huenda ndiyo iliyomtoa jasho kuliko picha yote, nawe ukaisiliba kama ukuta wa jiko!

Sitakuchapa sana, maana waume wengi wanaoniandikia hulalamika kwamba mke hatoki kwenye simu. Wewe unamwonea fahari mkeo, na hilo usiliache. Lakini umenieleza kirefu jinsi anavyosifiwa, na hakuna hata mstari mmoja unaosema yeye huandika nini chini ya picha zake. Umewahi kusoma? Nadhani hujasoma. Mtu wa Songea anajua kwa nini Salvina huacha karatasi wazi, na wewe unayekula naye mtori meza moja hujui. Nahisi hilo limemuuma kuliko rangi.

Desturi yenu ya mlimani unaijua kuliko mimi: kata jani la isale, lile la kuombea msamaha, umpelekee. Ila usijifiche nyuma ya jani. Sema kwa mdomo wako, "Nilidhani hujamaliza, sikukuuliza, nisamehe." Majani ya ng'ombe ya asubuhi katafute wewe, na uendelee hata wageni wakishateremka. Usimhimize achore, wala usimpigie Anusuya kumtetea mkeo. Picha ile ni ya Salvina, na akitaka kuichana, mwache aichane.

Lakini kabla ya hayo yote, leo hii, mwombe simu yake, ukae chini, usome alichoandika tangu picha ya kwanza. Usiruke. Usipoelewa, yuko hapo hapo jikoni, mwite. Wa kumsifu anao wengi, Thadeus. Wa kumuuliza, nyumbani kwake, hana hata mmoja.