Siku Mbili Nilizomzuia Mama Yako Asizikwe

Mwanangu Balbina,

Nina miaka themanini na mmoja. Nimewazika ndugu zangu sita, nyumbu watatu, na padri aliyesema sitafika hamsini. Viazi vimetoka vizuri kuliko vya jirani yeyote. Nimechoka, naandika kwa kifupi.

Kaka yako Lautaro amekuambia kwamba mama yako alipofariki nilizuia mazishi. Ni kweli. Unamjua yule ndege mdogo mwenye koo la buluu, wa huku juu kwenye baridi. Usiku hushikilia mwamba akawa mgumu kama jiwe, ungeapa amekufa. Nani mwingine amewahi kumshika mkononi? Ni mimi tu. Jua likimfikia hutetemeka kidogo, kisha huyoo.

Basi nikamtoa mama yako nje, nikamlaza uso mashariki.

"Baba, mama si ndege," Lautaro akasema.

"Na wewe si daktari. Nyamaza."

Ukungu ulishinda siku nzima. Kesho yake jua lilitoka kali. Nikamshika mkono mpaka ukapata joto. Lilikuwa joto la jua tu, mwanangu. Nikawaambia wachimbe.

Sikushikwa na wazimu. Muulize jirani yetu Polivio, aliyekaa nami siku zote mbili asinicheke.

Baba yako,
Serafin Sarango