Wamekijadili Kifua Changu Bila Mimi

Mshauri wangu mpendwa, nakuandikia kutoka Kolo, naomba msaada kabla sijakosana na Nurdini, kifungua mimba wangu. Mimi ni mjane, naikaribia sabini, na shamba langu la uwele nalilima mwenyewe. Msimu uliopita nikipepeta niliona jasho linanitoka upande mmoja tu wa uso, wa pili mkavu kabisa, na kope ya upande huo mkavu ikaanza kulegea hadi majirani wakanitania kwamba bibi siku hizi anakonyeza wanaume, nikacheka nao lakini moyoni nikajua hapa pana jambo, nikapanda basi peke yangu mpaka Dodoma. Daktari aliposikia habari ya jasho akaagiza picha za kifua, wakachukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano wakakipima, wakakuta uvimbe umeota kwenye neva kandokando ya uti wa mgongo, si saratani, ni wa nadra, lakini unakua, na kwa vile moyo na mapafu yangu ni mazima wanaweza kuutoa. Nikakubali palepale, tena kwa kujivunia, wakanipa tarehe ya upasuaji. Niliporudi Nurdini akaitisha kikao cha ukoo, mimi nikaachwa jikoni nawapakulia pilau, kisha wakaniita kunijulisha uamuzi: "Mama, umri umekwenda. Huo uvimbe usichokozwe." Anasema nikipasuliwa hatakanyaga hospitali. Nampenda mwanangu, lakini nataka kuishi. Nifanyeje?

Bi Batuli

Shikamoo Bi Batuli. Barua yako imenipa fahari kubwa. Wangapi huona dalili wakaipuuza mpaka wabebwe? Wewe ulipanda basi. Ila umenikera pia: kikao kinakaa juu ya kifua chako, nawe unapakua chakula kimya! Kwa nini, mama?

Nurdini anaogopa kukuzika, ndiyo maana anafoka. Mpeleke kliniki akaambiwe na daktari mwenyewe kwamba uvimbe ukiachwa unaweza kukandamiza uti wa mgongo, miguu ikaisha nguvu. Nawe uliza bila haya kama uvimbe umeshaingia ndani ya uti wa mgongo, na kama kope itanyanyuka ukishapasuliwa. Huenda isinyanyuke, ujue mapema. Akigoma kuja, tafuta ndugu au jirani wa kukuuguza, na tarehe usiisogeze.

Mwenye kuridhia upasuaji ni mgonjwa mwenye akili timamu, na mgonjwa ni wewe. Ukoo ukiuliza nani amekuruhusu, watajie jina lako.