Mume Wangu Amemkataa Ng'ombe wa Baba

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana begi liko kitandani na sijui nilijaze nguo au nilirudishe kabatini. Mimi nafungasha nyama machinjioni, nyama ya kupelekwa nje, na mume wangu ni mkaguzi hapo hapo, kazi yake kufunua midomo ya ng'ombe atazame meno, kwa sababu wanunuzi wa huko hawataki ng'ombe aliyezidi miezi thelathini, na akipenya mmoja tu shehena nzima inarudishwa na sote tunakaa bila kazi. Sasa juzi baba yangu mzazi akaja na dume lake kipenzi, Bwana Harusi, alizaliwa siku niliyoolewa ndiyo maana tukamwita hivyo, basi mume wangu akamwamkia baba kwa heshima zote, akafunua mdomo, akakuta meno makubwa sita, ambayo ng'ombe huyapata akikaribia miaka mitatu, akasema, "Baba, huyu amepita umri. Mpeleke soko la hapa hapa, watampokea vizuri." Baba akang'aka, "Mkwe wangu, huyu bado mtoto, ana miaka miwili tu!" Wachinjaji wakaangua kicheko, mume wangu hakucheka wala hakupandisha sauti, akampaka ng'ombe alama ya kukataliwa, akamsindikiza baba hadi getini huku amemshikia kofia. Nisiseme uongo, mshauri, nilijivunia mpaka machozi yakanilenga, lakini baba ameapa nirudi kwake mpaka mume wangu aombe radhi na kumpitisha huyo ng'ombe. Nifanyeje?

Mwenye Begi Kitandani

Dada yangu, pole, ila umenichekesha. Wenzako wananililia waume wanaodanganya mchana kweupe, wewe unataka kumkimbia anayesema kweli mbele ya mkwewe! Tena huku amemshikia kofia! Huyo mtunze. Aombe radhi kwa kicheko cha wenzake, basi. Meno hakuyaotesha yeye.

Mzee naye usimwite mwongo. Anampenda dume lake, haoni kama limekua. Hata wewe bado anakuona mtoto, ndiyo maana anakuita nyumbani.

Begi lirudishe kabatini sasa hivi. Jumapili nendeni wote wawili, mkae, mnywe chai yake, na habari za meno msiziguse. Mwulize tu kwa adabu, "Baba, mimi nimeolewa mwaka wa ngapi huu?" Akishajibu, mwulize Bwana Harusi alizaliwa lini. Halafu nyamaza, mwachie ahesabu mwenyewe.