Fomu ya Likizo Iliyolala Drooni

(Barua hii ilisomwa Alhamisi asubuhi katika kipindi cha Shangazi Ok, kwenye redio yetu ya bonde la Cheorwon. Majina ya watu yamebadilishwa.)

Shangazi mpendwa, naomba msaada, na kabla ya msaada naomba usicheke, maana nakusikiliza kila asubuhi ofisini na najua wewe ukianza kucheka hunyamazi mpaka wakuwekee wimbo.

Mimi ni sajini msimamizi wa kombania moja huku karibu na mpaka wa Korea Kaskazini, mwanamume wa miaka arobaini na saba, jeshini nina miaka ishirini na mitano, na kazi yangu ni hii: kapteni anaamuru, na mimi nahakikisha hao wanaoamriwa wamekula, wamelala, wana soksi, wamepangiwa zamu, mwenye jino bovu amepelekwa kung'olewa, na yule aliyeachwa na mchumba wiki hii hapewi lindo la bunduki peke yake, na vijana wote mia na kumi na wawili wananiita mama wa kombania wakidhani sisikii, nami nasikia na napenda.

Sasa nakuungamia, Shangazi. Kazi hiyo siifanyi mimi. Anaifanya Tak, karani wangu, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyekuja kutumikia miezi yake ya lazima kama wenzake, akakaa kwenye kiti mita mbili kutoka kwangu, na tangu siku hiyo mimi nikiandika kwa mkono chochote kile, ombi, ripoti, orodha ya viatu, nakiweka kwenye trei, naenda kunywa kahawa, nikirudi nakikuta kimechapwa, kimenyooka, kina namba pembeni, na makosa yangu yamesahihishwa kimyakimya, na Tak anajua kwamba tuna Kim Min-su watatu na yupi kati yao anakoroma, anajua nani na nani waligombana kwenye mpira wa miguu wa kuvusha wavu wasipangwe lindo moja, yote yako kichwani mwake.

Mwezi wa tatu aliugua mafua siku tano nikasema orodha ya zamu nitapanga mwenyewe, kwani nini, mimi si sajini? Nikampanga mtu mmoja kulinda ghala na lango saa ileile, nikampa lindo askari aliyekwisha kwenda zake nyumbani tangu mwezi wa kwanza, na kwenye zamu ya kuosha vyoo vya ghorofa ya pili nikajiandika mimi mwenyewe jina langu, cheo changu na sahihi yangu, na kwa kuwa nimewafundisha vijana miaka yote kwamba orodha ikishabandikwa ukutani ni amri, niliosha, Shangazi, niliosha vyoo sita na kombania nzima imejipanga kwenye korido inapiga makofi.

Basi Tak anamaliza muda wake mwezi huu. Na kama vijana wote wenye akili, alikuwa hatumii likizo zake, anaziweka moja moja, ili mwishoni azichukue zote kwa mkupuo, aondoke siku kumi na nne, arudi kulala usiku mmoja tu wa kuaga. Amejaza fomu yake, ameiweka kwenye trei, inataka sahihi yangu halafu ya kapteni. Na hiyo likizo inaanza Ijumaa hii, na Jumanne ijayo makao makuu yanakuja kukagua makaratasi yetu yote, nami nikiitazama ile fomu mkono wangu ulikataa, Shangazi, haki ya Mungu kalamu ilikuwa ina wino na mkono ukakataa, nikaifungia kwenye droo ya tatu chini ya pakiti za tambi, nikajiambia ni ya leo tu. Hiyo "leo tu" ina siku tisa sasa.

Siku ya tatu Tak akaniuliza kwa adabu zake, "Afande, ile fomu yangu imefika wapi?" Nikamjibu, "Iko kwa kapteni. Kapteni anaikalia, unamjua alivyo." Kapteni wa watu hana habari! Tak akawa kila akimkuta kapteni kwenye korido anainama chini kabisa na kumwangalia kwa macho ya huzuni. Siku ya tano kapteni naye akaniita. "Sajini wangu, huyu Tak vipi? Mbona likizo yake ya mwisho sijaiona? Na mbona ananiangalia vile?" Na mimi, ulimi hauna mfupa, nikasema, "Kapteni, kijana anasitasita kuondoka. Nadhani anataka kupigilia kigingi, abaki jeshini."

Kapteni ana miaka ishirini na tisa na hajawahi kumpata hata mmoja wa kubaki. Akasimama. Macho yakamlowa. Akasema, "Nilijua! Yale macho! Yule kijana ana wito, Sajini!" Kabla sijafunga mdomo akawa kwenye simu na kamanda wa batalioni, na kamanda wa batalioni akafurahi kuliko yeye, na sasa Ijumaa saa sita mchana anakuja na maboksi ishirini ya kuku wa kukaanga kumpongeza Tak mbele ya gwaride, na mimi nimeamriwa niagize bango la kitambaa lenye maneno KARIBU NYUMBANI, TAK WETU, nimeliagiza kwa simu nikiwa nimejificha katikati ya mablanketi stoo ili mwenyewe asinisikie.

Haya yote nilikuwa nayacheka mwenyewe, Shangazi, usiku kitandani mke wangu ananiuliza unacheka nini. Lakini jana Jumapili simu ya ofisi ililia nikapokea mimi. Ilikuwa mama yake Tak. Akaniambia, "Sajini, asante kwa kunilelea mtoto. Suti ya marehemu baba yake nimeipunguza mikono, imebaki kuijaribisha tu. Jumamosi saa sita ndiye atakayemshika dada yake mkono amwingize ukumbini, maana hatuna mwanamume mwingine." Nikasema ndiyo mama, ndiyo mama, ndiyo mama, sijui mara ngapi. Nilipoweka simu chini sikucheka tena. Sikujua habari za harusi. Hakuniambia, kwa sababu anadhani likizo ni haki yake na haki haiombewi kwa machozi.

Nimefikiria mengi. Nimefikiria kuiangusha fomu nyuma ya kabati halafu niiokote kwa mshangao. Nimefikiria kuugua. Nisaidie, nitokeje hapa kapteni asinidharau, kamanda asinifokee, na Tak asinichukie, hasa hilo la mwisho. Naishia hapa maana naitwa, lori la kabichi za kuchachusha kimchi limefika na hakuna wa kuhesabu vichwa. Nikirudi nitaitia bahasha mwenyewe. Jina langu usilitaje.

Sajini wa Kabichi

SHANGAZI ANAJIBU

Nimecheka. Nisamehe, mdogo wangu, nimecheka mpaka fundi mitambo ameniletea maji. Haya, nimeyanywa, sasa sicheki.

Sajini, ulisema ukirudi utaitia bahasha mwenyewe. Ulirudi ukaikuta? Hukuikuta, na nina hakika ukajiambia umekwisha kuituma ukasahau. Sasa nikueleze barua yako ilivyonifikia. Imechapwa. Imenyooka. Ina vichwa vya habari: namba moja, Hali Ilivyo, namba mbili, Tatizo, namba tatu, Maombi. Mwishoni kabisa imeandikwa neno "Mwisho" na nukta, kama nyaraka zote za serikali. Pale ulipoandika vijana mia na kumi na wawili pana nyota ndogo, na chini nyota inaeleza: "Idadi sahihi ni mia na tisa. Watatu wako hospitali."

Umepauka, eeh? Miaka ishirini na mitano mkono wako unaandika na kuweka kwenye trei, unaandika na kuweka kwenye trei. Na siku ya kuungama dhambi zako, ukaziweka kwenye trei ya uliyemkosea.

Na chini ya ile "Mwisho" kuna mistari mingine. Naisoma kama ilivyo, kwa sababu mwenyewe ameniruhusu:

"Shangazi, barua hii nimeikuta kwenye trei nikaichapa kama kawaida. Nilipofika aya ya tano ndipo nikaelewa, lakini kazi ikishaanzwa humalizwa. Sikubadili neno, nimegusa tahajia na idadi tu, na bahasha naitia mimi. Harusi ni Jumamosi saa sita. Basi linaloweza kunifikisha ni la Ijumaa saa nane mchana. Naomba usimkaripie sana, ana shinikizo la damu na dawa zake huwa namkumbusha mimi. Tak, karani."

Basi kijana anaomba nisikukaripie sana. Nitakukaripia kiasi.

Mimi nimeuza supu na wali langoni pa kambi miaka thelathini, nimewaona masajini wa kila aina, walevi, wachoyo, wenye kelele. Wabaya siwaandikii majibu marefu. Wewe si mbaya. Wewe umempenda kijana wa watu ukadhani kumpenda ni kumfungia na pakiti za tambi. Unajua soksi za watu mia na tisa, na huyu aliyekaa mita mbili kutoka kwako mwaka mzima na nusu hukujua ana dada, hukujua hana baba. Uliwahi kumuuliza nini zaidi ya "orodha iko wapi"? Hapo ndipo ulipokosea, Sajini, kabla ya droo na kabla ya bango. Ukaguzi wa makaratasi upo kila mwaka. Dada anaolewa mara moja, na hata akiolewa mara mbili, ile suti imepunguzwa kwa Jumamosi hii.

Tena ukamsingizia kapteni! Mtoto wa watu anadhani anaangaliwa kwa mapenzi, kumbe anaangaliwa kama mkwe mkorofi. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye maboksi ishirini ya kuku.

Unauliza utokeje bila kudharauliwa. Hutoki hivyo. Mficha uchi hazai. Utadharauliwa kidogo, asubuhi moja, na utapona. Kombania nzima ilikuona unaosha vyoo na bado inakuita mama. Utaiona hii pia inapita.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua droo, tia sahihi, usianze hotuba. Chukua fomu kwa mkono wako, sio kwa trei, trei usiiguse leo, uende kwa kapteni useme maneno haya: "Kapteni, nilidanganya. Kijana anakwenda nyumbani, na kosa ni langu." Ukishasema nyamaza. Akifoka, mwache afoke, ana haki, na ukimwambia "lakini Kapteni" hata mara moja nitajua, mimi nina wateja wangu wa zamani kila kambi. Halafu mpigie kamanda wa batalioni wewe mwenyewe, usimwachie kapteni aibebe aibu yako. Mwambie kuku waje tu. Vijana wameshasikia habari za kuku, na mimi sitaki maasi katika bonde hili. Tak ale paja moja kesho saa sita, apande basi saa nane. Bango ligeuzeni upande mweupe, hao Kim Min-su wenu watatu waandike kwa brashi lolote wanalotaka kumwambia.

Na mchana wa leo, ukisharudi kutoka kwa kapteni, vuta kiti chako, kipeleke upande wa meza ya Tak, na umwombe akufundishe kupanga zamu. Mwombe, usimwamuru. Daftari mbele yako, miwani machoni. Jumanne wakaguzi wakikuta kosa, litakuwa kosa lako halali, ulilolifanya kwa jasho lako. Na dawa zako za presha ziandike kwenye orodha ukutani, maana umesema mwenyewe kwamba orodha ikibandikwa ni amri.

Hofu yako kubwa ni kwamba atakuchukia. Nikuambie kilichonifanya niache kucheka. Barua hii ilichapwa Jumatatu. Leo ni Alhamisi. Siku tatu nzima Tak anajua fomu yake iko droo ya tatu, chini ya nini, na kwa nini. Funguo za ofisi hiyo na droo zake anazo yeye. Angeweza kuitoa aipeleke mwenyewe kwa kapteni, na wewe ungekwisha. Hajaifungua droo. Ameendelea kukuchapia makabichi yako, akakukumbusha dawa, akangoja uifungue wewe.

Ni saa nne na dakika kumi, Sajini. Naye anasikiliza redio hiyohiyo unayoisikiliza wewe, na nadhani hathubutu kugeuza shingo. Geuka wewe.